Sululu wawili kwenye shamba la chumvi: uchambuzi wa kisa kimoja pwani ya Lindi

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea katika shamba moja la chumvi mkoani Lindi, mwishoni mwa Septemba, siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu. Majina ya kijiji, ya mwenye shamba na ya wahusika wote yameondolewa, na mwaka hautajwi kwa sababu shamba lingetambulika mara moja kwa wanaolijua eneo. Mimi ni mwalimu wa biolojia katika shule ya sekondari na hujitolea katika kikundi cha kijiji cha kutunza mikoko. Nilihusika tangu jioni ya kwanza, na baadhi ya makosa yatakayoelezwa ni yangu mwenyewe.

Usuli

Kuanzia Kilwa hadi Mtwara, mashamba ya chumvi hukatwa nyuma ya mikoko. Maji ya bahari huingizwa kwa lango wakati wa bamvua, hupitishwa bwawa hadi bwawa huku jua likiyakausha, na katika mabwawa ya mwisho chumvi huganda na kukusanywa kwa reki. Kazi hii ni ya kiangazi, kwa kuwa mvua moja nzito huweza kuyeyusha jasho la wiki tatu. Kwa hiyo miezi ambayo matuta ya shamba yana watu wengi zaidi, Agosti hadi Novemba, ndiyo miezi ambayo ndege kutoka kaskazini ya mbali wanawasili.

Sululu anayezungumziwa hapa ni yule anayeitwa kitaalamu Numenius phaeopus: ndege wa kahawia mwenye madoa, mkubwa kidogo kuliko njiwa, mwenye mistari miwili ya giza utosini na mdomo mrefu uliopinda chini kama mundu. Huzaliana Juni na Julai katika nyika za baridi na mabwawa ya mboji ya kaskazini mwa Ulaya na Urusi, hutaga mayai 4 kwa kawaida, mara moja tu kwa mwaka, kisha huondoka. Kutoka huko hadi Lindi ni zaidi ya kilomita 8,000 hata kama angepita mstari ulionyooka kama kamba. Wakubwa hutangulia. Wadogo, waliozaliwa miezi michache iliyopita, hufuata baadaye bila mzazi wa kuwaonyesha njia.

Wakiwa kwetu, maisha yao huongozwa na maji kuliko jua. Maji yakipwa, hutawanyika kwenye matope na mizizi ya mikoko kuchokoa kaa. Maji yakijaa, hasa bamvua ambapo tofauti ya kupwa na kujaa katika pwani hii hupita mita 3, matope yote hufunikwa na ndege hukosa pa kusimama. Hapo ndipo hukusanyika juu ya matuta ya chumvi pamoja na vitwitwi na membe, wakisubiri. Mtu asiyejua huwaona kama wamekaa bure, kumbe kwa mnyama aliyetoka kuchoma nusu ya mwili wake njiani, saa hizo tatu za kusimama bila kusumbuliwa ni sehemu ya chakula.

Shamba lenyewe halimo ndani ya hifadhi. Ukienda kusini, Mtwara, kuna Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma iliyoanzishwa mwaka 2000, ambako angalau kuna askari na mpaka unaojulikana. Sisi tuna lango la maji, banda la mlinzi na mbwa wawili.

Mfuatano wa matukio

Siku ya Alhamisi, saa kumi na nusu alasiri, maji yakiwa yamejaa, mlinzi wa shamba alinipigia simu. Maneno yake nayakumbuka: “Mwalimu, wale wageni wako wamefika hoi. Mmoja ameshakufa, mwingine ananitazama tu.” Nilimkuta amewafunika wote wawili kwa tenga la samaki ili mbwa wasiwafikie. Wafanyakazi wawili walikuwa wamependekeza yule mzima achinjwe, na mama mmoja wa reki akawajibu kwamba nyama hiyo haitoshi hata kutia harufu kwenye mchuzi. Mjadala ukaishia hapo.

Aliyekuwa hai alisimama kwa mguu mmoja, macho nusu yamefumba, mbawa zimelegea pembeni badala ya kukunjwa. Mguu wa kushoto ulikuwa umezungushiwa mshipi wa nailoni, uzi wa kuvulia samaki, uliokaza mpaka kidole cha kati kikawa cheusi. Kingo za manyoya ya mgongoni zilikuwa bado nzima, zenye vidoa vyeupe visivyochakaa, jambo lililoonyesha kuwa ni mtoto wa mwaka huohuo. Nilipopapasa kifua chake, mfupa wa kidari ulichomoza kama ukingo wa kisu, na pande zote mbili, mahali ambapo msuli ungepaswa kujaa, palikuwa na bonde. Tulimpima kwa mizani ya muuza dagaa: gramu 270. Sululu mwenye afya hufika gramu 400, na anayejiandaa kusafiri huweza kupita 500.

Tulikata mshipi kwa mkasi wa kushonea nyavu. Usiku huo alikaa nyumbani kwangu ndani ya katoni yenye matundu. Kabla sijafika kumzuia, mpwa wangu wa miaka tisa, kwa huruma tupu, alikuwa ameshamfungua mdomo na kumtia tonge la ugali uliolowekwa. Ndege alitikisa kichwa, akakohoa maji, akautapika. Katoni niliiweka kwenye banda la kuku kwa kuwa ndipo palipokuwa na giza na utulivu. Kabla ya kulala nilimpigia afisa maliasili, naye akanikumbusha kuwa kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 sikuwa na ruhusa ya kumfuga ndege huyo, akanitaka nimwachie mapema kadiri atakavyoweza kusimama.

Ijumaa asubuhi afisa mifugo alimpasua yule aliyekufa. Hakukuwa na tone la mafuta chini ya ngozi wala kuzunguka utumbo. Firigisi ilikuwa tupu, ini limesinyaa, msuli wa kifua umeliwa kwa ndani na mwili wenyewe. Hakuwa na jeraha, wala uzi wowote miguuni.

Alasiri ya siku hiyohiyo, baada ya vipindi, tulimpeleka yule mzima ukingoni mwa hori, mkono wa bahari uingiao mikokoni, tukamwachia. Ilikuwa saa tisa na maji yalikuwa yakija juu. Aliruka chini-chini kama hatua sitini, akatua kwenye tuta la karibu, na mbwa wa mlinzi akamwinua. Akatua tuta la pili, wafanyakazi waliobeba viroba wakamwinua tena. Mara ya tatu alitua bwawani, maji yakamfika tumboni, akabaki hapohapo bila kujaribu kuruka. Mlinzi alimchota kwa tenga.

Usiku wa pili tulimweka stoo, mbali na kuku, tukampa beseni la maji na kaa wadogo waliokusanywa na vijana wa kikundi. Alfajiri tulikuta miguu ya kaa imetapakaa na miili haipo. Jumamosi, saa mbili na nusu asubuhi, maji yakiwa yanapwa na tope la kwanza limeanza kuonekana chini ya mikoko, tulimwachia mara ya pili. Hakuruka. Alitembea. Alikwenda hatua kumi, akachoma mdomo wote mpaka usoni ndani ya tundu, akauzungusha, akatoa kaa, akamtikisa mpaka miguu ikang’oka, akammeza.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kumchukua. Wapo wahifadhi wanaoshikilia kuwa ndege mchovu aachwe, na mara nyingi wana haki, kwa sababu ndege wa matope aliyetoka safari ndefu huweza kusimama nusu siku kama mgonjwa kumbe anapumzika. Tulimchukua kwa sababu mbili: mshipi usingetoka wenyewe, na mbwa walikuwa mita ishirini.

Uamuzi wa kumwachia Ijumaa alasiri, nikiri, haukufanywa kwa kumtazama ndege bali kwa kutazama ratiba ya shule. Nilikuwa huru saa nane na nusu, na afisa alitaka aachiwe mapema. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza maji yatakuwa wapi saa hiyo, ingawa kila mtu pale ni mtoto wa pwani na anajua kwamba bamvua ya huku hujaa alasiri na alfajiri na kupwa kabla ya adhuhuri. Kama ungekuwa mtego wa samaki tungeuliza.

Uamuzi wa tatu ulifanyika wiki iliyofuata, baada ya mimi na vijana wawili kukaa kwenye banda la mlinzi siku moja ya maji kujaa na kuhesabu. Kwa muda wa saa mbili, kundi zima la sululu na vitwitwi liliinuliwa mara tisa: mara tano na mbwa, mara tatu na wapita njia wa tutani, mara moja na mwewe. Tulimwomba mwenye shamba aache tuta moja, lile la mwisho upande wa mikoko, lisipitwe na mtu saa za maji kujaa siku za bamvua, na mbwa wafungwe saa hizo. Alikubali bila ubishi, kwa kuwa tuta hilo halikuwa na kazi wakati ule.

Matokeo

Kidole cheusi kilianguka baada ya siku chache, na kwa sababu hiyo sululu wetu akawa rahisi kutambulika kwa darubini: mguu wa kushoto, kidole cha kati hakuna. Alionekana karibu kila bamvua ya Oktoba. Mbawa zake kufikia mwisho wa mwezi zilikunjika sawasawa na kifua kilijaa kiasi cha kuonekana kwa mbali.

Makubaliano ya tuta yalidumu wiki sita. Katikati ya Novemba mawingu yalianza kukusanyika, mwenye shamba akataka chumvi yote iondoke kabla ya mvua, na tuta la mwisho likawa njia fupi ya kufikia barabara. Sikuweza kumlaumu. Viroba vilivyolowa havilipwi na ndege.

Aprili makundi yaliondoka kurudi kaskazini. Juni, kusi likivuma, sululu wachache walikuwa bado shambani, na mmoja wao hakuwa na kidole cha kati mguu wa kushoto. Hilo halikunishangaza kwa sababu sululu wengi wa mwaka wa kwanza hawarudi kuzaliana. Hubaki huku mwaka mzima, wakiiahirisha safari ambayo miili yao bado haiwezi kuilipia.

Uchambuzi: nini hasa kiliwaua na kuwadhoofisha

Kwa siku mbili za kwanza kijiji kizima, nikiwemo, kilikuwa na jibu moja: mshipi. Ulionekana kwa macho, ulikuwa na mwenye kulaumiwa, na ulikatika kwa mkasi. Maiti ya yule wa pili ndiyo iliyolivunja jibu hilo, kwa kuwa yeye hakuwa na uzi wowote na bado alikuwa katika hali ileile, tena mbaya zaidi. Ilibidi turudi nyuma kuuliza walitoka wapi na walilipa nini kufika.

Mafuta ndiyo petroli ya ndege mhamaji, kwa kuwa gramu moja ya mafuta hutoa nishati zaidi ya mara mbili ya gramu moja ya unga au ya nyama kavu. Lakini mafuta yakiisha angani hakuna kituo. Mwili huanza kuchoma msuli, na msuli mkubwa wa ndege ni uleule wa kifua unaopiga mbawa, sawa na nahodha anayeng’oa mbao za jahazi kuwashia jiko. Bonde tulilolipapasa pande mbili za kidari ndilo hilo.

Gharama nyingine ilikuwa ndani zaidi, na ndiyo iliyoufanya ule ugali kuwa hatari. Mwaka 1998 Theunis Piersma na Robert Gill walichapisha uchunguzi wa ndege wa jamii ya karibu na sululu waliokufa kwa kugonga kuba la rada huko Alaska, wakiwa ndiyo kwanza wanaanza safari. Miili yao zaidi ya nusu ilikuwa mafuta, ilhali firigisi, ini na utumbo vilikuwa vimepungua sana, kwa sababu mwili ulikuwa umepunguza vyombo vya kusagia ili usibebe mzigo usio na kazi angani. Jamii hiyohiyo, mwaka 2022, ilitoa kijana wa takriban miezi mitano aliyefungwa kifaa cha setilaiti, akaruka kilomita 13,560 kutoka Alaska hadi Tasmania kwa siku 11 bila kutua. Sululu hasafiri hivyo hasa, lakini ndege aliyekaukiwa kiasi kile huwasili na tumbo lisilo tayari kwa karamu. Anahitaji kidogo-kidogo, cha aina anayoijua, ili vyombo vijijenge upya. Tonge la ugali wenye maji lililosukumwa kooni lingeweza pia kuingia kwenye pumzi, na nadhani tuliponea chupuchupu.

Kwamba safari yenyewe huua zaidi kuliko kukaa, si dhana. Scott Sillett na Richard Holmes, katika utafiti wao wa 2002 juu ya ndege mdogo wa misitu ya Marekani, walikuta kwamba zaidi ya asilimia 85 ya vifo vya mwaka hutokea wakati wa kuhama. Raymond Klaassen na wenzake, mwaka 2014, waliofuatilia spishi tatu za ndege wawindaji kati ya Ulaya na Afrika kwa setilaiti, walikuta kasi ya vifo safarini ni kama mara sita ya ile ya kukaa mahali pamoja. Mtu anaweza kuuliza kwa nini basi wanahama. Benjamin Winger na Teresa Pegan walitoa sehemu ya jibu mwaka 2021 kwa kulinganisha ndege wadogo wa misitu ya kaskazini mwa Marekani: wanaosafiri mbali zaidi huzaa kidogo, lakini hubaki hai zaidi mwaka hadi mwaka kuliko wanaobaki karibu na baridi. Wamewekeza kwenye kuishi. Kinachofuata kwa sululu ni hesabu ngumu, kwa sababu jamii inayotegemea watu wazima kuishi miaka mingi, na yenye mayai manne tu kwa mwaka, haiwezi kufidia haraka wanaopotea. Ndugu mmoja wa sululu, mwenye mdomo mwembamba, aliyekuwa akihamia nchi za Bahari ya Mediterania, mara ya mwisho kuonekana kwa uhakika ilikuwa Morocco mwaka 1995.

Sasa rudi kwenye tuta letu. Ndege wa gramu 270 anainuliwa mara tisa katika saa mbili ambazo hawezi kula. Kila kuinuka ni kuruka kwa nguvu kutoka chini, aina ya kuruka inayokula nishati nyingi sana, na analipa kwa msuli kwa sababu mafuta hana. Mshipi ulimchelewesha kutembea na kutafuta kaa, na madhara yake hayapingiki. Yule mwenzake alikufa bila mshipi. Maoni yangu, baada ya kuyapima yote haya, ni kwamba wawili hao walifika pwani wakiwa hai na akiba yao ya mwisho, na shamba ndilo lililoimaliza ya mmoja wao.

Yaliyofaa na yaliyokosewa

Lililofaa kuliko yote halikugharimu kitu: kumwachia maji yakipwa. Tofauti kati ya Ijumaa na Jumamosi haikuwa ndege, kwa sababu usiku mmoja na kaa kumi hawarudishi kifua. Tofauti ilikuwa kwamba Jumamosi meza yake ilikuwa imeandaliwa na hakuhitaji kuruka.

Kumpasua maiti kulifaa vilevile, ingawa tulifanya kwa udadisi zaidi kuliko kwa mpango. Bila kazi ya afisa mifugo tungeandaa kampeni dhidi ya mishipi na kuona tumemaliza.

Makosa yalikuwa mazito zaidi kuliko nilivyoyahisi wakati ule. Tulishika ndege mfu kwa mikono mitupu, na nikamlaza mgonjwa ndani ya banda la kuku, ilhali ndege wa majini wahamao hujulikana kubeba virusi vya mafua ya ndege. Afisa mifugo aliposikia alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza, “Mwalimu, na kuku wa jirani nao wanalala humo?” Walikuwa wanalala humo. Hakuna aliyeugua, lakini jibu hilo bado linaniwasha masikio.

Kosa la pili ni kumpima mara moja tu. Tungempima tena Jumamosi asubuhi tungejua kama kaa wale walimwongezea chochote au alikuwa anaendelea kushuka, na uamuzi wa kumwachia ungesimama juu ya kitu.

Kosa la tatu ni la makubaliano. Tuliomba tuta wakati halina kazi na hatukuuliza litahitajika lini. Tanzania ni mwanachama wa mkataba wa kimataifa wa kuwalinda ndege maji wahamao wa Afrika, Ulaya na Asia, lakini hakuna kifungu kinachoweza kuhamisha kiroba cha chumvi mgongoni mwa mtu mvua ikikaribia. Katika mazungumzo mapya mwenye shamba mwenyewe ndiye aliyependekeza tuta la upande wa lango, ambalo ni jembamba mno kupita na mzigo na halitumiki hata Novemba. Ni fupi kuliko la kwanza, na ndege walilikataa wiki ya kwanza. Mbwa hufungwa kuanzia saa tisa alasiri, siku nne za kila bamvua, na mlinzi ameandika saa za maji kwa mkaa kwenye ukuta wa banda, chini ya msumari uliotundikwa glavu na katoni tupu yenye matundu.